Bastola Kiunoni Haikulindi, Kamanda

Makamanda, tuanze na ile picha.

Juzi usiku kwenye kundi letu la WhatsApp mwenzetu mmoja alitupia picha ya bastola. Glock 19 nyeusi, imelazwa juu ya kadi ya chama, magazini pembeni, risasi zimepangwa mstari kama askari wa gwaride. Chini ameandika maneno mawili: "Waje sasa." Nusu saa haikupita, kundi zima limechemka. Mmoja anauliza bei. Mwingine anauliza inapatikanaje. Wa tatu, na huyu tunamfahamu vizuri maana kwake kila jambo ni michango, akapendekeza tufungue mfuko wa kuwanunulia viongozi wa kata, kila kata moja. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ile bastola ni ya dogo mwenyewe. Siyo yake. Ni ya mjomba wake, na mjomba hakuwa na habari kwamba inapigwa picha.

Hatuandiki haya kumsema dogo. Hasira yake ni hasira yetu. Jioni ya Septemba 6 mwaka 2024 Mzee Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya CHADEMA, aliteremshwa kwenye basi pale Tegeta na watu wenye silaha, akafungwa pingu, abiria wote wanatazama. Kesho yake mwili wake ukakutwa Ununio. Rais aliagiza uchunguzi. Tunasubiri. Sasa kijana amesoma habari hiyo, na yeye mwenyewe alikuwa mgombea wa uenyekiti wa mtaa Novemba 27, 2024, akirudi nyumbani saa tatu usiku kwa bodaboda peke yake. Akijiuliza atajilindaje, ana haki ya kujiuliza. Sisi ambao hatuna jibu la haraka hatuna sababu ya kumcheka.

Ila kabla hatujaanza kuchangishana, tulisema tufanye jambo moja dogo: tuwatafute watu wanaozimiliki kihalali, tuwaulize maisha na bastola yakoje. Siyo watu wa sinema. Watu wetu, wanachama na ndugu wa wanachama. Wanne walikubali kuongea. Majina tumeyaacha, sababu mnazijua.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kitu gani. Siyo gobole la kijijini, siyo shotigani ya mlinzi wa benki, wala siyo SMG za polisi. Ni zile bastola fupi za kubeba kiunoni, zinazojipakia zenyewe. Ukifyatua moja, nguvu ya ile risasi inarudisha sehemu ya juu nyuma, ganda linaruka nje, risasi nyingine inapanda chemba, iko tayari. Ukivuta tena inatoka nyingine. Glock 19 inabeba risasi 15 za milimita 9 kwenye magazini yake ya kawaida. CZ 75, ile fupi, inabeba 14. Glock mwili wake una plastiki ngumu, ikijazwa inakaribia gramu 850. CZ ni chuma kitupu, hata bila risasi inazidi gramu 900. Yaani ni kama kutembea na pakiti ya sukari ya kilo kiunoni, mchana kutwa, kwa joto letu hili.

Na hilo joto ndilo la kwanza walilotuambia. Siyo majambazi, siyo siasa. Jasho. Mzee mmoja muuza vipuri, ana CZ mwaka wa 11 huu, alitufunulia shati akatuonyesha alama nyeusi kwenye ngozi juu ya nyonga. Anasema ukikaa muda mrefu kwenye gari inakuchoma mbavu, ukivaa shati la kuchomekea inaonekana, ukivaa la kuning'inia upepo unalipeperusha na mtu anaona. Kwa hiyo amebadilisha nguo zake zote kwa ajili ya bastola. Kila wiki anatakiwa aifute na kuipaka mafuta, maana chumvi ya jasho inakula chuma. "Nilinunua mlinzi," anasema, "nikapata mtoto mchanga."

Tukamuuliza mazoezi anafanyia wapi. Akacheka hadi akakohoa. Kwa miaka 11 amefyatua risasi nane. Nne siku alipofundishwa, nne nyingine shambani kwa shemeji yake, na hizo za shambani anakiri hakutakiwa kuzipiga. Aliweka dumu la lita 20, akahesabu hatua kumi, akafyatua nne. Zote zilipita. Bastola fupi mtutu wake ni mfupi, wa Glock 19 ni milimita 102 tu, na kadiri inavyokuwa fupi ndivyo mkono ukitikisika kidogo tu risasi inavyokwenda mbali na ulipolenga. Halafu inaruka mkononi. Polisi na wanajeshi wanafundishwa kwa risasi nyingi na kwa miaka. Mzee wetu ana nane. "Na dumu lilikuwa halikimbii," anasema, "wala halikuwa limekuja kuniua."

Huyu huyu ndiye aliyevamiwa. Usiku wa manane, watu wanne, geti limevunjwa. Bastola ilikuwa ndani ya kasiki chini ya kitanda, kama alivyoelekezwa aitunze. Funguo za kasiki zilikuwa kwenye mfuko wa suruali aliyovaa mchana. Suruali ilikuwa kwenye tenga la nguo chafu. Anasema alipomaliza kupapasa tenga lote, wale jamaa walishaondoka na televisheni, kompyuta mpakato ya binti yake na jiko la gesi. Mke wake ndiye aliyewafukuza, kwa kupiga yowe. Majirani wakatoka. Yowe halina leseni.

Sasa utasema, basi asifungie kwenye kasiki, alale nayo chini ya mto. Sawa. Msikilize wa pili.

Wa pili ni mfanyabiashara wa madini, yuko Arusha, kati ya Mererani na mjini anazunguka na fedha taslimu. Kama kuna mtu mwenye sababu ya kumiliki bastola ni huyu, na hatubishani naye. Anayo Glock. Kila jioni akirudi nyumbani alikuwa na utaratibu wake, na aliuamini: anachomoa magazini, anaifungia kwenye droo, bastola yenyewe anaiweka juu ya kabati la nguo. Hoja yake ilikuwa rahisi. Magazini ndiyo yenye risasi. Bila magazini, ile ni chuma tu.

Makamanda, hapa tunaomba msome polepole, hasa nyie mlioanza kuuliza bei.

Ukichomoa magazini hujatoa risasi zote. Kama bastola ilikuwa imekokiwa, risasi moja imebaki chemba, ndani ya mtutu, huioni. Na Glock haina kile kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa kidole gumba. Usalama wake uko ndani na kwenye kifyatulio chenyewe, maana yake kidole chochote kikivuta sawasawa, inalia. Haiulizi kidole ni cha nani.

Mtoto wake wa miaka tisa alipanda kiti. Alikuwa anatafuta chaja. Baba yuko sebuleni anaangalia mpira, mama jikoni. Risasi ilitoboa mlango wa kabati, ikatoboa dari, ikatokea kwenye bati. Mtoto hakuguswa. Masikio yalimlia siku tatu, na kifundo cha mkono kilivimba kwa kule kuruka. Mama alichukua watoto, akaenda kwao, akakaa miezi mitatu. Yule bwana anatuambia hadi leo hajawahi kulitamka jambo hili kituo chochote, kwa hiyo amebaki na vitu viwili badala ya kimoja: bastola, na siri ya bastola. Tundu la kwenye dari hajaliziba. Tulimuuliza kwa nini. Akasema akiliziba atasahau.

Yeye mtoto wake amepona. Tunaomba mfikirie na nyumba ambazo hazikupona, ambazo bastola haikumngoja mwizi kabisa. Mwanza, Mei 2022, nchi nzima ilisoma habari ya mume aliyemuua mkewe kwa bastola kisha akajiua. Ugomvi upo kila nyumba. Kuna nyumba unaisha kwa sahani kuvunjika na mtu kwenda kulala kwa dada yake. Penye bastola hakuna kesho ya kuombana radhi. Dada zetu kwenye jumuiya ya vijana walilisema hili kabla yetu wanaume, na kwenye lile kundi la WhatsApp walikuwa wawili tu waliopinga picha. Walijibiwa kwa katuni.

Wa tatu ni mama wa duka la jumla Kariakoo. Yeye bastola yake ilikuwa ndogo zaidi, ya kukaa kwenye mkoba, alinunua baada ya mumewe kufariki na kubaki yeye ndiye mfunga hesabu. Anatoka dukani jioni, anavuka barabara, bodaboda ya watu wawili inapita, mkoba umekwenda. Mara moja tu, wala hakuanguka. Ndani kulikuwa na simu, mauzo ya nusu siku na bastola.

Alikimbilia kituo cha polisi kuchukua RB kama raia yeyote aliyeibiwa. Ndipo alipojua kwamba kuibiwa bastola siyo kuibiwa. Kwa wiki mbili alikuwa anaitwa na kurudishwa: ulikuwa unaenda wapi, nani alijua, kwa nini mkoba haukuwa mwilini, umeiuza? Na kwa haki kabisa, maana ile silaha sasa ipo mtaani, na ikifanya tukio, namba yake inaelekeza kwake. Anasema akisikia redioni kuna duka la wakala limevamiwa kwa bastola, kwanza anazima redio, kisha anaiwasha tena asikie ni aina gani. "Sikuwahi kuishika hata mara moja kwa kujilinda," anasema. "Ila imenishika mimi." Leo anafunga hesabu saa tisa alasiri, anapeleka benki mchana kweupe akiwa na vijana wake wawili. Hajaibiwa tena.

Tumefika kwa wa nne, na huyu ndiye anayetuhusu sisi moja kwa moja.

Alikuwa diwani, wa chama tawala. Aliomba silaha akiwa diwani, akaipata bila shida, anakiri mwenyewe. Mwaka 2016 lilipopita lile zoezi la uhakiki wa silaha naye alipanga foleni, akahakikiwa, akapewa karatasi yake, mambo safi. Miaka michache baadaye akahama chama, akaja kwetu. Hatutasema wilaya. Hazikupita wiki nyingi akapigiwa simu: lete silaha kwa ukaguzi. Akapeleka. Ukaguzi ukawa mrefu. Alipofuatilia akaambiwa jambo lake liko kwenye kamati. Hadi tunaandika hapa, bado liko kwenye kamati.

Hivi mnajua kamati gani? Tuwaeleze, maana wengi mlioandika "inapatikanaje" hamkujibiwa. Leseni ya silaha hapa kwetu hainunuliwi dukani. Maombi yanaanzia chini, kwenye mtaa au kijiji unakoishi, kwa watu wanaotakiwa kusema wewe ni mtu wa namna gani. Yanapanda kata, yanafika wilayani kwenye Kamati ya Ulinzi na Usalama, na mwenyekiti wa kamati hiyo ni Mkuu wa Wilaya, ambaye ameteuliwa na Rais. Kisha yanakwenda kwa polisi ngazi za juu kusajiliwa. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayosimamia haya yote. Na walewale waliokupa wanaweza kukunyang'anya. Katiba yetu inatambua haki ya kuishi, Ibara ya 14. Haki ya kumiliki bastola haimo. Ni kibali, na kibali kina mwenyewe.

Kwa hiyo tuseme wazi, kijana wa upinzani anayedhani bastola ya leseni itamlinda dhidi ya wenye dola, anaomba ulinzi kutoka kwa yule yule anayemwogopa. Wewe umeweka picha "Waje sasa." Hawahitaji kuja. Watakupigia simu uwapelekee wenyewe.

Na yule anayewaza ya bila leseni, ya njia za panya, akumbuke kesi ya Mbowe. Freeman Mbowe alikamatwa Mwanza Julai 21, 2021, akashtakiwa kwa ugaidi pamoja na wenzake, na miongoni mwa vielelezo vya upande wa mashtaka ilikuwepo bastola moja na risasi zake, ambayo ilidaiwa kukutwa kwa mshtakiwa mwenzake. Bastola moja. Siku baada ya siku mawakili walibishana juu yake, ilitoka wapi, nani aliishika, nani aliiandika kwenye hati ya ukamataji. Machi 4, 2022 DPP akaiondoa kesi mahakamani. Lakini mwenyekiti wa chama kikuu cha upinzani alikuwa ameshakaa mahabusu zaidi ya miezi saba. Hapo bado hatujagusa ule mfuko wa kuwanunulia viongozi wa kata. Ibara ya 147 ya Katiba inakataza mtu au chama kuunda jeshi la aina yoyote, na marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 yakaongeza kukataza vyama kuwa na vikundi vya ulinzi. Orodha ya michango ya WhatsApp, majina, namba za simu, "bastola kata ya fulani". Mwendesha mashtaka angepata kazi gani tena? Tungekuwa tumemwandikia hati ya mashtaka wenyewe, na tumempa mpaka namba za mashahidi.

Kuna watakaosema sisi ni waoga. Tuwaulize. Septemba 7, 2017 Mheshimiwa Tundu Lissu alimiminiwa risasi mchana, Dodoma, ndani ya gari lake, kwenye makazi ya viongozi. Risasi 16 ziliingia mwilini mwake. Ni bastola gani ya kiunoni ingezuia hilo? Alipona kwa dereva, kwa madaktari wa Dodoma na Nairobi na baadaye Ubelgiji, na kwa Mungu. Hadi leo hakuna aliyefikishwa mahakamani. Mzee Kibao alikuwa ndani ya basi lililojaa watu. Tuchukulie angekuwa na Glock kiunoni, akaichomoa. Tunajua kina nani wangekufa kwanza: mama wa kiti cha pili na mtoto aliyempakata. Februari 16, 2018 Akwilina Akwilin, mwanafunzi wa NIT, alikuwa amekaa kwenye daladala Kinondoni, hana habari na maandamano ya mtu, risasi iliyokuwa inawatawanya wafuasi wa upinzani ikampata yeye. Tulilia wote, tukaandika mitandaoni kwamba risasi haipigwi penye watu. Tulimaanisha, au tulimaanisha risasi zao tu?

Bastola inayotuhusu ni ile ya Machi 23, 2017. Nape Nnauye, mbunge wa CCM, siku aliyoondolewa uwaziri, anataka kuongea na waandishi nje ya hoteli Dar es Salaam. Mtu mwenye nguo za kiraia anachomoa bastola mbele ya kamera kumzuia. Hana sare. Hana kitambulisho kifuani. Video ipo, itafuteni. Wengi wetu tulifurahi kidogo siku ile, tuseme ukweli, kwa sababu aliyetishiwa alikuwa wa upande ule. Tulikosea. Ile ilikuwa bastola ile ile, ya mtu asiyejulikana, na leo iko kwenye mabasi.

Ndiyo maana madai yetu hayawezi kuwa "na sisi tupewe." Tunachotaka ni kwamba anayemkamata Mtanzania avae sare au aonyeshe kitambulisho, ataje jina, ataje kosa na ataje kituo anakompeleka. Kumwambia mtu kwa nini anakamatwa tayari ni sheria ya nchi. Tunataka Waziri wa Mambo ya Ndani alieleze Bunge, wilaya kwa wilaya, silaha ngapi za kiraia zimesajiliwa na ngapi zimeripotiwa kupotea. Majina abaki nayo. Tunataka anayenyang'anywa leseni, awe wa chama chochote, apewe sababu kwa maandishi na aweze kuipinga mbele ya hakimu. Na tunataka siku ya kupiga kura silaha za kiraia zibaki majumbani, zikiwemo za makada wanaopita vituoni na koti limefunguliwa makusudi ili tuone. Mnawajua. Kila kata anaye mmoja.

Halafu kuna jambo linatushangaza hakuna aliyeliona. Mlango wa kwanza wa leseni ya silaha uko wapi? Serikali ya mtaa. Ofisi ile ile iliyogombewa Novemba 27, 2024. Mwaka 2019 wagombea wetu walienguliwa kwa fomu, upinzani ukajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Kwa miaka mitano baada ya hapo, aliyeulizwa "huyu jirani yako anafaa kupewa bastola?" alikuwa mtu wa chama kimoja, karibu kila mtaa wa nchi hii. Yule mlevi wa kona anayempiga mkewe, kama ana kadi inayotakiwa, nani alimkatalia? Mwenyekiti wa mtaa mwenye msimamo anaweza kusema huyu hapana. Anaweza kwenda na mke wa mtu kituoni kuripoti kwamba ametishiwa. Kama ulijiandikisha ile Oktoba 11 hadi 20, 2024, ulikuwa na kipande cha kauli hiyo mkononi. Kama hukujiandikisha kwa sababu ulikuwa unauliza bei ya Glock, basi.

Ndani ya jumuiya yetu tumekubaliana hivi, na viongozi wa kanda wameafiki. Hakuna silaha kwenye kikao, mkutano wala msafara wa vijana, hata kama ina leseni, hata kama mwenye nayo ni mfadhili wetu. Mgombea akirudi usiku harudi peke yake: watatu watatu, na mmoja anabaki na namba za wakili na za familia. Akipotea kwa nusu saa bila kupokea simu, taarifa inatoka kwenye kundi, siyo kesho. Atakayeona mtu anakamatwa apaze sauti, aulize jina la anayekamata, achukue video akiwa mbali, aandike namba ya gari. Ni vitu vya kawaida mno, havipendezi kwenye picha. Yule mama wa Kariakoo na mke wa muuza vipuri wanavijua.

Picha imefutwa. Mjomba amebadilisha kufuli la kasiki, na dogo ametuomba msamaha kwenye kundi bila kulazimishwa na mtu, akaomba apangwe uwakala kwenye kituo kigumu. Tumempanga.

Semina ya mawakala ni Jumamosi saa tatu asubuhi, ofisi ya kata. Njoo na kalamu mbili, daftari na chaja. Mikoba yote itafunguliwa mlangoni, kuanzia wa mwenyekiti.